Meno Manne ya Bado

Nyumbani kwa Bado kuna picha zake arobaini na moja, na hakuna hata moja inayoonyesha meno yake. Zimepangwa ukutani kuanzia mlango wa sebule hadi dirishani, na katika kila moja ameikandamiza tarumbeta mdomoni, mashavu yamejaa, macho ameyafumba. Katika picha ya harusi, bibi harusi anatabasamu na bwana harusi anapuliza. Katika picha aliyompakata binti yake wa kwanza, mtoto yuko mkono wa kushoto, tarumbeta iko mkono wa kulia, na inayotazama kamera ni tarumbeta. Mpiga picha aliyemwomba aishushe kidogo alijibiwa kwamba mtu hupigwa picha akiwa kazini. Lilikuwa jibu la majivuno, na majivuno hayo yalikuja kumtafuta baadaye.

Nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka ishirini na miwili. Jazi sikuiomba, ilinifikia kupitia tofali. Haya ninayoyaandika mengine nimeyapata kwake, mengine kwa mkewe, ambaye hana tabia ya kupamba, na mengine nimeyasikia mwenyewe bila kupenda.

Baba yake alikuwa dobi, na mtoto ndiye aliyepeleka nguo zilizopigwa pasi kwa wateja. Njiani palikuwa na duka la fundi redio. Fundi huyo hakuwa mpenzi wa muziki hata kidogo. Alikuwa na sanduku la santuri za jazi aliloachiwa na mteja aliyehama, na alizitumia kupimia spika. Akimaliza kulehemu waya, huweka santuri, hutega sikio asikie kama spika inakoroma, kisha huinua sindano na kuchukua redio nyingine. Hakuna wimbo uliowahi kuzidi dakika mbili. Mtoto alisimama mlangoni pale miaka minne, kikapu cha nguo kichwani, akapenda mwanzo wa nyimbo zipatazo sitini. Mwisho hakuusikia hata mmoja. Aliyelelewa hivyo si ajabu akikua akiamini kwamba jazi haina mwisho, ingawa wenzake katika bendi walimlaumu sana.

Shuleni alijiunga na bendi akitaka ngoma. Ngoma zote zilikuwa na wenyewe. Ilibaki tarumbeta moja iliyobonyea, ambayo hakuna aliyeitaka kwa kuwa aliyeipuliza mara ya mwisho alizimia gwarideni. Mwalimu wa bendi alimfungua kinywa kama mtu anayenunua punda, akatikisa kichwa. Meno mawili ya mbele ya juu yalikuwa na mwanya, na la kushoto lilikuwa limemeguka pembe tangu alipoanguka kwenye ngazi.

"Upepo wote utakupotelea hapo katikati," mwalimu alisema. "Haya, chukua. Ila usije ukanililia."

Upepo haukupotea. Ulipopita kwenye mwanya ule na kukwaruzwa na pembe iliyomeguka, ulitoka na sauti yenye mchanga kidogo ndani yake, kama ya mtu mzima anayesema jambo la kwanza asubuhi. Wapigaji wenye meno yaliyonyooka waliitafuta sauti hiyo wasiipate. Mwanya huohuo ndio uliompatia mke. Bibi huyo amekiri mbele yangu kwamba alimpenda siku ya kwanza alipocheka, si alipopiga. Alipopiga, anasema, aliziba masikio.

Kazi iliyomlisha ilikuwa kusoma mita za maji. Kila siku alitembea mtaa kwa mtaa na daftari na ndoano ya chuma ya kuinulia vifuniko, akichutama juu ya mashimo ya mita na kuandika namba. Hakuwahi kukisia namba hata moja, hata palipokuwa na mbwa, na hilo namsifu kwa moyo mweupe kwa sababu nimewajua waliokisia mtaa mzima wakiwa wamekaa kivulini. Akimaliza kazi, Jumatano na Jumamosi alasiri, alikwenda karakana ya seremala. Seremala huyo alikuwa mpiga piano na kiongozi wa bendi, na wapigaji wote tisa walifanya mazoezi kwake kati ya makabati ambayo hayajapigwa rangi, maranda ya mbao yakiwapanda hadi kwenye vifundo vya miguu. Viti vyao alivitengeneza mwenyewe. Kiti cha tarumbeta ya kwanza kilikuwa na mikono. Cha tarumbeta ya pili hakikuwa nayo.

Katika jazi kila mpigaji hufikiwa na zamu, akasimama peke yake, akabuni papo kwa hapo yaliyo moyoni mwake, kisha akawarudishia wenzake wimbo. Kasoro ya mtu wetu ilikuwa kwenye kurudisha. Kiongozi alimwashiria kutoka kwenye piano kwamba inatosha. Yeye, tarumbeta mdomoni, alitikisa kichwa: bado. Kiongozi aliashiria tena; bado. Jina likamkaa. Hata ofisini kwao kwenye mita waliliandika kwenye orodha ya zamu.

Aliyemwokoa kila mara alikuwa tarumbeta ya pili, mtu mwembamba, mpole, asiyecheka, ambaye mchana alikuwa fundi saa. Zamu ya Bado ilipopitiliza, Fundi Saa alisimama taratibu kando yake, akaanza kupiga chini kwa chini ile sehemu ya kufungia wimbo, akairudia na kuirudia, kama mtu anayemshika mgeni kiwiko kumwelekeza mlangoni, mpaka Bado akaja. Kwa miaka kumi na tisa Fundi Saa alimaliza kila kitu ambacho Bado alianzisha. Makofi walipigiwa wote wawili, lakini watu walikuwa wakimtazama Bado.

Sasa nieleze habari ya kanuni. Ukutani mwa karakana, juu ya msumeno mkubwa, palibandikwa kadi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino: Mwenye kiti akikosa mazoezi matatu mfululizo, kiti chake ni cha anayemfuata. Ugonjwa wake mwenyewe si udhuru. Ugonjwa wa mzazi au wa mkwe ni udhuru. Kadi hiyo iliandikwa na Bado kwa mkono wake miaka ishirini iliyopita, wakati yeye ndiye alikuwa tarumbeta ya pili, na wa kwanza alikuwa mlevi aliyeugua homa kila Jumamosi. Sehemu ya wazazi iliongezwa kwa heshima ya mama wa kiongozi, aliyekuwa amelazwa mwezi ule. Mlevi akaondoka, Bado akakalia kiti chenye mikono, na hakuna aliyeisoma tena ile kadi.

Bendi ilikuwa inakaribia kutimiza miaka thelathini. Ilipangwa kupiga katika ukumbi wa manispaa, saa tisa alasiri, na redio ingekuja kurekodi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Zilibaki wiki saba. Siku hiyo Bado alikuwa amechutama juu ya shimo la mita mbele ya nyumba moja yenye ua wa maua. Kifuniko cha chuma alikisimamisha kwa kijiti, kama alivyofanya mara elfu. Kichwani alikuwa na wimbo ambao wangeufungulia onyesho. Akaanza kuupiga kwa midomo mitupu, mguu ukagonga mapigo, na pigo la nne likakipata kijiti. Kifuniko kilishuka juu ya kinywa chake. Mwenye nyumba alipotoka alimkuta anaandika namba ya mita, damu inadondoka kwenye daftari.

Meno mawili yalibaki shimoni. Mengine mawili ya pembeni daktari aliyang'oa kwa kuwa yalikuwa yanacheza. Yote manne ni ya mbele, ya juu. Mpiga piano angelia siku mbili na kuendelea na maisha. Mpiga tarumbeta bila meno hayo ni sawa na mlango uliong'olewa bawaba: midomo haina pa kuegemea.

Mkewe alimwambia aende karakana, afungue kinywa, waone wenyewe. Ushauri huo ulikuwa mwema, na kama angeufuata nisingekuwa na la kuandika. Bado aliikumbuka kadi. Ugonjwa wake mwenyewe haukuwa udhuru, na yeye ndiye aliyeyaandika maneno hayo. Akampigia kiongozi simu, akasema kwamba mama mkwe wake anaumwa sana na yeye ndiye anayemuuguza. Mkewe alikuwa amesimama pale mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi.

"Mama yangu?" aliuliza.

"Kwa wiki tatu tu," Bado alijibu.

Uongo huo aliusema akijua ni uongo, dhidi ya mwanamke ambaye hakumkosea chochote, ili avunje kanuni aliyowatungia wengine. Sina namna ya kuupunguza.

Fundi meno alikuwa na chumba kimoja ghorofani, na ndani yake kabati la kioo lenye safu za meno ya bandia, meupe, yaliyopangwa kama askari. Alikuwa bingwa na alijijua. Ufizi ulipopona kidogo alimchukua Bado kipimo kwa nta, na baada ya siku chache akampa meno manne ambayo hayakuwa na kosa lolote. Bado alijitazama kwenye kioo akaona mtu wa heshima asiyemjua. Alirudi nyumbani, akaketi, akavuta pumzi, akapuliza. Upande wangu wa ukuta nilidhani birika linachemka. Akajaribu tena. Likachemka tena.

Alirudi ghorofani kuomba meno yake ya zamani, yaani yenye mwanya na pembe iliyomeguka. Fundi meno aliweka patasi yake ndogo chini.

"Bwana, mimi watu huja kwangu waondokane na hayo," alisema. "Sitengenezi ubovu."

Ilimchukua Bado asubuhi nzima kumweleza. Mwishoni fundi meno alikubali, kwa sharti kwamba hatakisia. Mwanya una upana wake, na pembe iliyomeguka ina mshazari wake. Aletewe picha.

Ndipo Bado aliposimama sebuleni mwake, mbele ya picha arobaini na moja, akazipitia moja baada ya nyingine kuanzia mlangoni hadi dirishani. Mkewe alimfuata nyuma na taa ya mkononi, kwa kuwa alitumaini labda katika ile ya harusi kungekuwa na upenyo. Hapakuwa na upenyo. Bado alishusha zile zilizokuwa kwenye fremu akatazama hata migongoni mwake, sijui akitafuta nini.

"Ningekuwa na mume anayecheka kwenye picha kama wanaume wengine," mkewe alisema, "leo tungekuwa tumekwisha kula."

Ikabidi awe yeye shahidi. Alipanda ghorofani, akakaa mbele ya fundi meno, akaeleza meno ya mumewe kwa ufasaha ulionitia haya niliposimuliwa. Alisema mwanya ulikuwa mpana, mzuri, unaingia mwanga, ukiuona unasahau ulichokuwa unasema. Alionyesha kwa vidole. Fundi meno alipima nafasi kati ya vidole viwili, akauliza mara ya pili, akajibiwa vilevile. Alitengeneza kama alivyoambiwa. Safari hii tarumbeta ilitoa upepo mtupu, kama ule wa chini ya mlango, na Bado alipojaribu kunywa maji yakamtoka shingoni. Mkewe alikuwa amekumbuka meno ya kijana aliyempenda akiwa na miaka ishirini, na kumbukumbu ile ilikuwa imekua kila mwaka wa ndoa.

Wakati hayo yakiendelea mazoezi saba yalikwisha kupita, na wenzake walikuwa wamemhurumia kwa dhati. Walinunua kikapu cha matunda, wakaandika kadi ya kumtakia mgonjwa nafuu, wakamtuma Fundi Saa akipeleke. Alimkuta mama mkwe nyumbani kwake, juu ya ngazi, kitambaa kichwani, anapaka rangi dari ya sebule. Bila kuuliza huyu ni nani, bibi alimwambia amshikie ngazi maana inayumba. Fundi Saa aliweka kikapu chini akaishika kwa muda wa nusu saa, akipokea matone ya rangi begani. Alipoulizwa kilichomleta, alisema alikuwa anapita. Lakini kadi ilikuwa ndani ya kikapu, na mama mkwe anajua kusoma.

Jumatano hiyo, karakanani, waliomuuliza habari za mgonjwa Fundi Saa aliwajibu kwamba matunda yamepokelewa. Hilo lilikuwa kweli.

Mama mkwe alikuja kwa Bado kesho yake asubuhi, rangi bado imemganda kwenye nyusi. Ukuta wetu ni mwembamba, na yeye si mtu wa kunong'ona.

"Mkwe wangu," alianza, kwa upole ulionitisha hata mimi, "nimelazwa wodi gani? Niambie baba, nikajitembelee."

Bado alisema jambo ambalo halikueleweka, kwa kuwa hakuwa na meno wala hoja.

"Nimefikisha umri huu sijapata kulala kitandani mchana. Leo watu wanane wananichangia matunda. Matamu, nashukuru. Sasa sikiliza. Kwanza kwa yule maskini aliyenishikia ngazi, kisha kwa wengine wote. Nenda kaniponye."

Akatoka, akanisalimia vizuri tu mlangoni, akaenda kumalizia dari.

Bado alinisimulia kwamba kutoka kwake hadi duka la Fundi Saa ni mwendo wa dakika kumi, na yeye alitumia saa nzima. Njiani alisoma mita mbili ambazo hazikuwa za siku hiyo. Alichoogopa si aibu. Kati ya watu wote mjini, huyu ndiye mmoja ambaye angefaidika iwapo tarumbeta yake ingenyamaza, na huyo ndiye aliyetumwa kumwambia. Dukani mlikuwa na saa za ukutani kumi na nne, kila moja na majira yake, na mwenyewe ameinamia meza, lenzi jichoni. Bado alisimama mbele ya meza akaondoa kitambaa alichojizibia kinywa.

"Kaka," alisema, "mama mkwe wangu haumwi."

"Najua. Nilimshikia ngazi."

"Na mimi sina meno."

"Hilo nalo najua. Ulipompigia kiongozi simu nilikuwa karibu. Nilisikia upepo unatokea wapi." Fundi Saa hakuinua kichwa. "Sikumwambia mtu. Usinishukuru. Kile kiti nimekitazama miaka kumi na tisa. Nilitaka nione kama kitakuja chenyewe, bila mimi kunyoosha mkono."

Bado akamweleza yote, meno mazuri yaliyochemka kama birika na meno ya mapenzi yaliyovuja, na picha zisizo na kinywa. Alisema kwamba hakuna mtu duniani aliyewahi kuyatazama meno yake sawasawa, hata yeye mwenyewe. Fundi Saa alisukuma kiti chake nyuma. Kisha aliinuka, akarudisha nusu ya mlango, akaweka lenzi mezani, akafungua kinywa.

Wote tulidhani mtu yule hacheki kwa sababu ya tabia. Kumbe alikuwa anaficha. Katikati ya meno yake mawili ya mbele ya juu palikuwa na mwanya mwembamba, ulionyooka, uliokatwa kwa tupa, na jino la kushoto lilikuwa limekatwa pembe.

"Miaka kumi na miwili sasa," alisema. "Siku ya Jumapili, hapahapa, kwa tupa ya kutengenezea gurudumu la saa. Wewe kabla ya kupiga huwa unaachama kuvuta pumzi, na mimi ninakaa kushoto kwako. Nilikupima kwa jicho kila Jumatano na kila Jumamosi, mwaka mzima, kabla ya kuanza kukata. Hapo ni milimita moja na nusu. Nina hakika nayo kuliko saa yoyote humu ndani."

"Na sauti? Uliipata?"

"Wapi. Nilipata maji baridi kuniuma."

Nimefundisha watoto wangu tangu wadogo kwamba kijicho ni uchafu wa moyo, na sibadilishi neno. Lakini ni lazima niandike kilichotokea kama kilivyotokea: mke aliyempenda Bado kwa miaka yote hiyo alikosea kipimo kwa zaidi ya nusu, na mtu aliyemwonea kijicho hakukosea hata kwa unywele. Afadhali nikiri kwamba sijui niwaambie nini watoto kuhusu hilo.

Walikwenda pamoja ghorofani. Fundi meno aliwasikiliza, akampima Fundi Saa kinywani kwa kipimo cha chuma, akatoa ufizi wa nta wa Bado, akapima tena. Kisha alivua miwani.

"Mmoja amepewa meno mazuri, anataka mabovu," alisema. "Mwingine alizaliwa na mazuri, akayakata mwenyewe. Nikistaafu mapema msiulize kwa nini."

Meno hayakuwa tayari Jumatano, kwa hiyo Bado alikwenda kuwakabili wenzake akiwa na pengo lake wazi. Alisimama kati ya makabati akasema kwamba mama mkwe amepona, kisha akarekebisha: hakuwahi kuugua. Alisimulia habari ya kifuniko, akaonyesha kinywa. Wapo waliocheka, na mpiga besi aliuliza kama matunda yanaweza kurudishwa. Kiongozi hakucheka. Alitazama kadi juu ya msumeno. Bado aliona anapotazama, akaifuata, akaisoma kwa sauti yeye mwenyewe, kila neno, ingawa maneno kadhaa yalimtoka kwa shida. Mazoezi aliyokosa bila udhuru yalikuwa tisa.

"Niliiandika kwa ajili ya mlevi," alisema.

"Haikutaja ulevi," kiongozi alijibu.

Fundi Saa alisema hakitaki kiti namna hiyo. Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu Bado alikuwa amekwisha kuinua kiti chenye mikono, akakisukuma juu ya maranda hadi nyuma ya magoti ya mwenzake. "Kaa, kaka," alisema. "Mimi nitakaa kwako."

Jumamosi meno yalikuja. Nilikuwa sebuleni kwangu nikisahihisha barua. Kwanza nilisikia pumzi, kisha kimya, kisha ile sauti yenye mchanga ikapita kwenye tofali kama haikuwahi kuondoka, na upande wa pili sufuria ikaanguka sakafuni. Nilisikia mke wa Bado akisema, "Basi mimi nilidanganywa na macho yangu," na kwa mara ya kwanza sikumsikia akilalamika kelele. Nami nikaweka kalamu chini, lakini kwa muda mfupi tu.

Alasiri hiyo karakanani kiongozi aliisikia, akaanza kujikuna kichwa. Redio ilikuwa inakuja baada ya wiki mbili. Alisema, akiyatazama maranda badala ya watu, kwamba kanuni inaweza kulala kidogo halafu ikaamka. Fundi Saa mwenyewe aliinuka nusu. Bado alikataa. Alisema akirudi kwenye kiti kile kwa mlango wa nyuma, atakuwa ameugua homa kila Jumamosi kama yule aliyemtoa. Nimemjua Bado kwa majivuno mengi, lakini siku ile alisema kweli, na ilimuuma, na hakurudi nyuma.

Kwa hiyo siku ya onyesho, ukumbi wa manispaa ukiwa umejaa na watu wa redio wametega vipaza sauti vyao, mwenye kiti chenye mikono alikuwa Fundi Saa. Mimi nilikaa safu ya kwanza, kati ya mke wa Bado na mama mkwe, ambaye watu wa bendi walimpa kiti cha mbele kwa heshima ya kupona kwake. Nyimbo tatu za kwanza zilikwenda bila kosa. Wa nne ndio uliokuwa na zamu ndefu ya tarumbeta ya kwanza. Fundi Saa alisimama. Alianza kwa uangalifu, kama anayefungua mgongo wa saa ya mtu, kipande baada ya kipande. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, safi, haina mchanga wowote, na ukumbi ukatulia. Dakika ya pili alisahau kwamba tupo. Dakika ya nne kiongozi alimwashiria kwamba inatosha.

Fundi Saa, tarumbeta mdomoni, macho ameyafumba, alitikisa kichwa.

Kiongozi aliashiria tena. Fundi Saa akatikisa tena. Mpiga besi alianza kujifuta jasho. Fundi Saa alikuwa na mambo ya miaka kumi na tisa ya kusema na hakuwa tayari kuruka hata moja. Hapo wote jukwaani waligeuka wakamtazama Bado, kwa kuwa kufunga wimbo ni kazi ya tarumbeta ya pili, na tarumbeta ya pili siku ile alikuwa mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kufunga kitu.

Bado hakuinuka. Alikaa kwenye kiti kisicho na mikono, tarumbeta magotini, akimtazama mwenzake kutoka chini, na alikuwa anacheka kinywa wazi. Ndipo mpiga picha wa onyesho alipompata. Bado alimwacha Fundi Saa apige mzunguko mzima zaidi, na mke wa Bado kando yangu akaanza kunong'ona, "Mwache, mwache kidogo." Kisha alisimama taratibu, akaleta tarumbeta mdomoni, akaanza kupiga chini kwa chini ile sehemu ya kufungia aliyoisikia sikioni mwake miaka yote bila kuisikiliza. Aliirudia. Mara ya tatu Fundi Saa alifumbua macho, akaja, na wakaumaliza pamoja, noti moja, kwa wakati. Mama mkwe alipiga makofi hadi bangili ikamtoka.

Bado hajarudi kwenye kiti cha kwanza. Kanuni inaruhusu, endapo Fundi Saa atakosa mazoezi matatu, lakini tangu siku ile Fundi Saa hajakosa hata dakika. Ile picha imetundikwa upande wa pili wa dirisha, ya arobaini na mbili, na mwanya unaonekana vizuri, pamoja na pembe iliyomeguka. Fundi meno aliiona siku alipokuja kukaza meno yaliyolegea. Aliitazama kwa masikitiko, akaomba kwamba yeyote atakayesimulia habari hizi asimtaje jina, wateja wasije wakajua kuwa ile ni kazi ya mikono yake. Nami nimemtii.